Jinsi ya kuukamata ubongo ukitengeneza dunia, kwa vitu vya nyumbani tu

Mzee wangu alipopata kiharusi tulianza kugombana juu ya sahani. Mama anampakulia posho (ugali) na maharage, mzee anakula vizuri tu, halafu anasukuma sahani anasema hamjanishibisha, na nusu ya chakula iko pale pale, nusu ya kushoto, haijaguswa hata. Unamwambia mzee si chakula hicho, anakuangalia kama unamchezea. Hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kila jirani alikuwa na lake, wengine wakasema amelogwa, wengine eti anamnunia Mama kwa maneno ya zamani, maana hata Mama akikaa upande wa kushoto akamsemesha mzee alikuwa hageuki wala hajibu, na Mama alilia sana jamani. Mpaka siku moja dada wa fizio aliyekuja kumfanyisha mazoezi akachukua ile sahani akaizungusha, hakusema neno, na mzee akaanza kula tena kama mtu aliyepakuliwa upya.

Hapo ndo nilianza kuitafuta hii habari ya ubongo, usiku kwa simu, kidogo kidogo, na nikajaribu kila kitu ambacho mtu anaweza kujaribu nyumbani bila mashine. Nawaandikia kwa mpangilio niliofuata mimi, maana ukiruka vya mwanzo kile cha mwisho, cha mzee, hakitakuingia. Tafuta daftari la shule, kalamu, kioo, glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, miswaki miwili, kopo tupu la Blue Band, na mtoto wa miaka mitatu hivi, wako au wa jirani.

Kabla ya yote shika picha hii. Ubongo una uzito wa kilo 1.4 hivi, una seli za neva kama bilioni 86, na umefungiwa ndani ya fuvu, giza totoro. Mwanga hauingii humo. Sauti haiingii. Kinachoingia ni mipigo midogo midogo ya umeme inayopita kwenye neva, basi. Mimi nimekulia mpakani kwa hiyo huwa nafikiria karani wa kliaringi, wale wa kupitisha mizigo forodhani, aliyefungiwa chumba hakina dirisha, hajawahi kuona lori hata moja maishani, anapitishiwa makaratasi chini ya mlango, na kwa makaratasi hayo anatakiwa achore lori zima na mzigo wake na dereva wake, sasa hivi, bila kuchelewa. Makaratasi mengine yamechanika, mengine yanapingana, mengine hayajaletwa kabisa, na yeye anachora hivyo hivyo. Wewe unaishi ndani ya huo mchoro. Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, alishasema karne ya 19 kwamba kuona ni kukisia, ila unakisia bila mwenyewe kujua. Sasa tumkamate karani akiwa kazini.

Karatasi ambayo haijaletwa

Chana ukurasa wa daftari wenye mistari. Kushoto chora msalaba mdogo. Kwenye mstari huo huo, sentimita 8 kwenda kulia, weka doti nyeusi ukubwa wa punje ya mahindi. Funga jicho la kushoto, la kulia likodolee msalaba, usiuache. Anza na karatasi ikiwa mbali, urefu wa mkono, halafu ilete polepole karibu na uso. Ikifika kama sentimita 30 hivi doti inapotea. Ukiendelea kuileta inarudi.

Wengi wanashindwa mara ya kwanza kwa sababu jicho linataka kukimbilia doti. Likikimbia umeharibu, anza upya. Mimi ilinichukua majaribio manne, mdogo wangu akapata mara ya kwanza akapiga kelele mpaka watu wa plot wakatoka nje.

Sababu ya kupotea ni kwamba nyuma ya jicho kuna sehemu ambapo neva zote zinakusanyika zitoke kwenda kwenye ubongo, na hapo hakuna seli hata moja ya kupokea mwanga. Ni shimo. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua miaka ya 1660. Lakini shimo lenyewe silo linalonishangaza. Angalia vizuri pale doti ilipokuwa. Huoni tundu jeusi wala ukungu. Unaona mistari ya daftari inapita moja kwa moja! Hakuna habari iliyotoka hapo, jicho halijaleta kitu, na karani amejaza mistari kwa kuangalia majirani zake, akakukabidhi kama kitu kilichoonwa. Na hakuna alama yoyote ya kukuambia hapa tumeona, hapa tumekisia. Yote mawili unayaona sawa sawa. Hilo ulikumbuke, tutalihitaji kwa mzee.

Shimo hilo umetembea nalo tangu uzaliwe, kwenye kila jicho. Macho mawili yakiwa wazi, moja linafunika shimo la mwenzake, ndo maana hujawahi kulikuta barabarani.

Ya kioo ni ya dakika moja. Simama karibu na kioo, angalia jicho lako la kushoto, hamia la kulia, rudi la kushoto. Hutaona macho yako yakisogea hata siku moja. Mwambie mtu asimame pembeni akuangalie, atakwambia yanaruka waziwazi kabisa. Macho huruka hivyo kama mara tatu kila sekunde na kila ruko picha ingekuwa inaburuzika kama video ya mtu anayerekodi akikimbia, sasa ubongo unazima huko kuburuzika na kuziunganisha picha mbili kama hakukuwa na kitu katikati. Kwa hiyo kila siku kuna vipande vya muda ambavyo ulikuwa macho na hukuona kitu, na hujawahi kuvikosa.

Mkono wa nani huu

Sasa hapa ndo mambo yanakuwa mazito, kwa sababu mpaka sasa unaweza kusema sawa, dunia ni mchoro, lakini mimi ninayeutazama si nipo? Haya.

Jaza glavu kwa mchanga au vitambaa mpaka ifanane na mkono. Mtu akae mezani, mkono wake halisi ufichwe nyuma ya kipande cha kadibodi, glavu iwekwe mbele yake upande ule ule, vidole vielekee kama mkono wake ungeelekea, na bega mpaka kwenye mwanzo wa glavu lifunikwe na leso ili macho yasione mkato. Yeye aitazame glavu tu. Wewe chukua miswaki miwili, papasa nayo glavu na mkono uliofichwa kwa pamoja, kidole kile kile, sehemu ile ile, muda ule ule. Ukipishanisha haifanyi kazi vizuri. Endelea dakika mbili tatu bila kuongea.

Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliandika jaribio hili mwaka 1998, wao walitumia mkono wa mpira. Watu wengi wanafika mahali wanasema wanausikia mswaki kwenye glavu. Si wote, binamu yangu mmoja hakuhisi kitu kabisa, lakini dada yangu, nilipoinua kijiko ghafla kama nataka kupiga glavu, alirusha mkono wake halisi mpaka kadibodi ikaanguka. Na anajua ni glavu! Ameijaza mchanga yeye mwenyewe.

Karani amepata makaratasi mawili, moja la macho, moja la ngozi, saa moja, mdundo mmoja, akasema basi huu ni mkono wetu. Kwa hiyo hata mpaka wa mwili wako, hapa naishia mimi pale inaanza dunia, unachorwa upya kila wakati.

Fuvu moja, pande mbili

Hii huwezi kuijaribu nyumbani, kwa hiyo nasimulia tu, lakini usiiruke. Ubongo una nusu mbili na katikati kuna daraja la nyuzi kama milioni 200 linalopeleka habari huku na huku. Marekani, miaka ya 1960, kuna wagonjwa wa kifafa kikali sana waliokatwa hilo daraja ili kifafa kisiruke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Roger Sperry ndiye aliyewachunguza, na alipata tuzo ya Nobel mwaka 1981. Mwanafunzi wake Michael Gazzaniga aliendelea.

Ukikodolea katikati, vitu vilivyo kushoto vinapelekwa nusu ya kulia ya ubongo, na vya kulia vinapelekwa nusu ya kushoto. Kwa watu wengi nusu ya kushoto ndiyo inayoongea. Sasa mgonjwa mmoja alimulikiwa picha mbili kwa haraka, nusu inayoongea ikaona mguu wa kuku, nusu isiyoongea ikaona theluji imefunika nyumba. Akaambiwa achague kadi zinazohusiana. Mkono wa kulia ukachagua kuku. Mkono wa kushoto ukachagua koleo, maana koleo ni la kuondolea theluji. Akaulizwa mbona koleo? Nusu inayoongea haikuona theluji yoyote, haina hiyo habari, lakini haikusema sijui. Ilijibu hapo hapo kwamba mguu wa kuku unaenda na kuku, na koleo unalihitaji kusafishia banda la kuku.

Niliposoma hiyo niliweka simu chini. Huyo mtu hakudanganya. Aliamini. Ni mistari ya daftari tena, safari hii imepita juu ya shimo la sababu. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama kwenye fuvu kama hilo kuna watu wawili wanaojitambua au mmoja ambaye habari zake zimegawanyika, lakini kujaza, kutoa maelezo laini juu ya kitu ambacho hukukiona, hilo limeonekana wazi.

Kopo la Blue Band

Hapa tunatoka kwenye fuvu lako tunaingia kwenye la mwenzako. Chukua lile kopo, weka ndani sindano na nyuzi, kama ambavyo kila nyumba inafanya, sindano zifungwe vizuri maana ni mtoto. Mwonyeshe mtoto wa miaka mitatu kopo limefungwa, muulize ndani mna nini. Atasema Blue Band. Fungua, aone nyuzi, funga tena. Sasa muulize: jaja (bibi) yuko nje, hajaona ndani, akija akaliona kopo limefungwa atafikiri mna nini? Mtoto wa miaka mitatu mara nyingi atasema nyuzi. Kwake yeye kuna dunia moja tu na kila mtu anaiona. Wa miaka mitano atacheka akwambie atafikiri ni Blue Band. Josef Perner na Heinz Wimmer ndio walioanza kuchunguza hivi kule Austria, wakaandika mwaka 1983, na wao walitumia hadithi ya mtoto na chokoleti iliyohamishwa kabati.

Usiishie hapo, swali tamu ni la pili. Muulize mtoto yule yule: na wewe, kabla hatujafungua, ulisema mna nini? Wa miaka mitatu wengi wanakwambia nilisema nyuzi. Amesahau dunia yake mwenyewe ya dakika moja iliyopita! Kumbe kumwelewa jaja na kujikumbuka wewe wa zamani ni kazi inayofanana, zote zinataka ubongo uweze kushika mchoro wa pili ambao si wa sasa. Usimsahihishe mtoto wala kumcheka, hajakosea kwa ujinga, hiyo sehemu bado inajengwa. Mrudie baada ya miezi sita na kopo jingine.

Na sisi wakubwa tunarudi utotoni haraka sana. Waulize watu wa nyumbani kwako wafumbe macho wafikirie embe limekatwa liko kwenye sahani, kisha kila mmoja aseme anaona nini. Sisi tulikuwa sita. Wawili waliona rangi mpaka na maji yake, wengine kivuli tu, na mjomba akasema yeye haoni kitu, hajawahi kuona kitu, alidhani "kuona kichwani" ni msemo tu kama misemo mingine. Ana miaka hamsini na kitu. Daktari Adam Zeman wa Uingereza ndiye aliyeipa hali hiyo jina mwaka 2015, afantasia, na si ugonjwa. Tumeishi na mjomba miaka yote hiyo tukidhani ndani kwake kuko kama kwetu.

Sasa mzee

Kiharusi chake kilipiga upande wa kulia wa ubongo, nyuma juu ya sikio. Macho yake ni mazima. Alichopoteza ni kushughulika na upande wa kushoto, na kwa vile karani hajui kwamba kuna karatasi haijaja, mchoro wake hauna pengo. Kwake sahani imeisha kweli. Nimekuambia ukumbuke mistari ya daftari, ni hii.

Kilichonifungua macho zaidi ni jaribio la Milano, Italia, la Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti mwaka 1978. Walikuwa na wagonjwa wawili wa namna hii, wenyeji wa mji, wakawaambia fikirieni mmesimama upande mmoja wa uwanja mkubwa mbele ya kanisa kuu, tajeni mnachokiona. Wakataja majengo ya kulia kwao, ya kushoto wakayaruka. Kisha wakaambiwa wajione wamesimama upande wa pili wanaangalia walikotoka. Wakataja yale yale waliyoyaruka mwanzo, na wakayaruka yale waliyoyataja. Hakuna jengo lililopotea kwenye kumbukumbu. Kilichokatwa ni mtazamo, hata ukiwa umefumba macho.

Nikajaribu kwa mzee. Alikuwa dereva wa malori ya Mombasa miaka mingi, mtaa wetu anaujua kama kiganja. Nikamwambia, mzee, fanya umesimama msikitini unaangalia mpakani, nitajie kila kitu. Akataja kinu cha mahindi, duka la spea, hoteli ya Wasomali. Kushoto hakuna kitu, kama mtaa una upande mmoja. Nikasubiri, nikamwambia, sasa umevuka, uko mpakani unaangalia msikitini. Akataja kinyozi, duka la dawa, steji ya boda, kijana wa rolex (chapati ya mayai), vyote! Na kinu kikapotea. Nilitoka nje nikakaa kidogo.

Kama una mgonjwa unayemshuku ana hali hii, mchoree mstari mrefu kwenye karatasi aweke alama katikati, mara nyingi ataiweka mbali kulia. Mwambie achore saa, mara nyingi namba zitabanana kulia. Hiyo ikuoneshe tu anapoishi, isikufanye daktari, na kama kiharusi ndo kinaanza, uso umelegea upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki vizuri, acha karatasi, kimbiza mtu hospitali saa hiyo hiyo.

Mengine tuliyojifunza kwa kuishi nayo. Usibishane naye "kwani huoni", utamtia aibu bure. Dawa, maji, simu, vitu ambavyo hatakiwi kuvikosa, viweke kulia. Sigiri (jiko la mkaa) isiwe kushoto kwake kamwe, mkono wake unaweza kuungua akachelewa kujua, na kuvuka barabara peke yake hapana, boda itatokea upande ambao kwake haupo. Kwenye sinia bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto, mfundishe akianza kula atafute nyekundu kwanza. Mzee anasoma Msahafu, na Kiarabu kinaanza kulia kwenda kushoto, kwa hiyo yeye alikuwa anakatiza mwisho wa mistari, tukamwekea rula nyekundu huko kushoto asome mpaka aigonge. Anayesoma Kiswahili rula ikae huko huko kushoto, ila yeye aanze nayo. Mkono wa kushoto ushikwe, usogezwe, auangalie ukisogea. Wengi hupata nafuu wiki na miezi ya mwanzo, kwa wengine inabaki.

Kuzungusha sahani bado tunazungusha siku akichoka. Na Mama sasa ana viti viwili. Akitaka wazungumze yao anakaa kulia. Akitaka kumfanyisha mazoezi anahamia kushoto, anamshika mkono kwanza, anasubiri kichwa kigeuke, hata ikichukua dakika, ndo anaanza kusema.